Afya ya Nyumba Yako: Tununue Pampu ya Kampuni Gani?

Wapendwa akina mama, mwezi huu nitajibu barua moja tu, kwa sababu jibu lake ni refu, na maswali ya namna hii yamekuwa yakija mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi ng'ambo.

Mama mmoja wa watoto wanne, anayeishi na familia yake Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, anaeleza kwamba yeye na mume wake wamefanikiwa kununua nyumba baada ya kudunduliza kwa miaka mingi. Nyumba hiyo ina besimenti, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, na huko ndiko wanakolala wavulana wao wawili wakubwa. Mmoja wao ana pumu. Usiku mmoja wa mvua kubwa baba alikuwa kazini, zamu ya usiku, na pampu inayotoa maji chini ya nyumba haikuwaka. Kulipokucha zulia lote lilikuwa limelowa. Fundi alipokuja alikuta boya la pampu limekwama kwenye ukuta wa shimo. Pampu yenyewe ni ya zamani na imeshika kutu, hivyo wameamua kununua mpya. Baba anasema wachukue yenye nguvu kuliko zote dukani ili mambo yaishe. Fundi ametaja kampuni moja, jirani ametaja nyingine. Mama huyu anauliza wanunue ya kampuni gani.

Najua msomaji wa Dodoma atacheka kidogo. Sisi tunahangaika kutafuta pampu ya kuingiza maji nyumbani, na wenzetu wanatafuta ya kuyatoa! Lakini wengi wetu tuna watoto, dada au wadogo zetu huko, nao wanapiga simu kuuliza, kwa hiyo si vibaya tukaelewa jambo lenyewe.

Katika nchi za baridi kali ardhi ya juu huganda wakati wa kipupwe, na msingi wa nyumba ni lazima uchimbwe hadi chini ya pale panapoganda, la sivyo nyumba itainuliwa na kupasuka. Kwa kuwa shimo limekwisha kuchimbwa, watu waliona heri kulifanya chumba. Taabu ni kwamba mvua ikinyesha sana, au theluji ikiyeyuka, maji yaliyomo ardhini hupanda na kusukuma kuta na sakafu. Ndiyo maana mafundi hulaza mabomba yenye matundu kuzunguka msingi, na mabomba hayo hupeleka maji kwenye shimo dogo lililo katika sakafu ya besimenti. Ndani ya shimo hilo ndimo pampu inapokaa. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, linawasha swichi, na pampu inayasukuma nje kupitia bomba. Yakipungua, boya linashuka na pampu inazima.

Muuguzi anaingiaje katika habari za pampu? Anaingia kwa mlango wa ukungu. Zulia, godoro, au ukuta wa mbao laini ukilowa, ni muda wa saa 24 hadi 48 tu wa kuukausha kabla ukungu haujaanza kuota. Ukungu ule hutoa vumbi lisiloonekana kwa macho, na mtoto mwenye pumu akilivuta kifua kinabana. Nimewaona watoto wanaopewa dawa ya kuvuta mwezi hadi mwezi bila nafuu ya kudumu, huku kitanda chao kikiwa kimeegemea ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo mama yetu wa Louisville haulizi swali la baba peke yake.

Majina yaliyopo dukani

Tuanze na kampuni alizotajiwa, kwa maana ndizo zinazotajwa mara nyingi katika eneo hilo.

Zoeller ni kampuni ya huko huko Louisville, ilianzishwa mwaka 1939. Pampu yake inayofahamika zaidi kwa nyumba za kawaida ni ile iitwayo M53, yenye theluthi moja ya nguvu ya farasi. Mwili wake ni wa chuma kizito cha kusubu, cha namna ile ya cherehani za zamani ambazo bibi zetu walituachia. Liberty Pumps ni kampuni ya mji wa Bergen, katika jimbo la New York, iliyoanza mwaka 1965. Nayo ina pampu yake ya theluthi ya farasi, namba 257, pia ya chuma cha kusubu. Wayne ni ya Harrison, Ohio, na huonekana sana katika maduka makubwa ya vifaa. Pampu zake nyingi huchanganya chuma cha kusubu na chuma kisichoshika kutu. Superior Pump ya Minneapolis inajulikana zaidi kwa pampu za plastiki ngumu za bei nafuu, ingawa huuza za chuma pia.

Halafu yapo majina ambayo ni ya maduka yenyewe. Everbilt ni jina la Home Depot, na Utilitech ni la Lowe's. Ukinunua hizo unanunua jina la duka, na aliyeitengeneza pampu ni mwingine. Hiyo haina maana kwamba ni mbaya. Ina maana kwamba jina pekee halikuambii kitu, ni lazima usome karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Chuma au plastiki? Mota ya pampu hupata moto inapofanya kazi, na mwili wa chuma huupitisha moto ule haraka kwenye maji yanayoizunguka. Plastiki huuzuia ndani. Kwa upande mwingine plastiki haishiki kutu, ni nyepesi, na mara nyingi bei yake ni kama nusu ya ile ya chuma. Kama shimo lako hupata maji mara mbili au tatu kwa mwaka, pampu ya plastiki itakutosha, na fedha itakayobaki inunulie kitu nitakachokitaja baadaye. Lakini kama pampu inawaka kila baada ya dakika chache kila mvua inyeshapo, chukua ya chuma na usitazame nyuma.

Nguvu ya farasi na futi za kupandisha

Hapa ndipo ninapotofautiana na baba watoto, kwa heshima zote. Yeye anaangalia nguvu ya farasi. Boksi nalo huandikwa kwa maandishi makubwa galoni ngapi pampu inatoa kwa saa, na mara nyingi hesabu hiyo ni ya maji yasiyopandishwa hata futi moja. Nyumbani kwako hakuna maji ya namna hiyo. Maji yako yanatoka chini ya sakafu, yanapanda ukuta mzima, ndipo yatoke nje. Besimenti ya kawaida itahitaji kupandisha futi 8 hadi 10, na kila kona ya bomba inaongeza mzigo kidogo.

Chukua ile M53 ya Zoeller uone. Ikipandisha maji futi 5 inatoa galoni 43 kwa dakika. Ikipandisha futi 10 inatoa galoni 34. Ikifika futi 15 inatoa 19 tu, na karibu na futi 19 inakoma kabisa, inanguruma bure. Kwa lugha yetu ya ndoo za lita 20, ni ndoo 8 kwa dakika, kisha 6 na kitu, kisha zisizofika 4. Ni pampu ile ile, na umeme ule ule.

Kwa hiyo chukua futi ya kupimia, pima kutoka chini ya shimo hadi pale bomba linapogeuka kwenda nje, ongeza futi moja au mbili kwa ajili ya kona, kisha linganisha pampu zote kwa kimo hicho kimoja. Kila kampuni inayojiheshimu huweka jedwali hilo katika karatasi yake. Isiyoliweka, mimi ningeirudisha kwenye rafu.

Je, unahitaji galoni ngapi? Hili nalo linapimika, na mama anaweza kulipima mwenyewe. Ngoja siku ya mvua kubwa, mchana, mtu mwingine akiwa karibu. Acha pampu itoe maji hadi izime, kisha ichomoe kwenye umeme kwa mikono mikavu ukiwa umesimama pakavu. Tumbukiza rula au kijiti chenye alama, uangalie maji yanapanda inchi ngapi kwa dakika moja. Shimo lenye upana wa inchi 18 hubeba kama galoni moja katika kila inchi ya kina, na la inchi 24 hubeba kama galoni mbili. Maji yakipanda inchi 8 kwa dakika katika shimo la inchi 18, unaingiza galoni 8 au 9 kwa dakika. Sasa rudi kwenye jedwali. Ile pampu ya theluthi ya farasi kwa futi 10 inatoa galoni 34. Inakutosha mara tatu na zaidi! Ukimaliza kupima usisahau kuichomeka tena.

Pampu kubwa mno katika shimo dogo ina tabu yake. Inafyonza maji yote kwa sekunde chache, inazima, maji yanarudi, inawaka, inazima. Kuwaka na kuzima huko ndiko kunakochosha mota na swichi. Zoeller hiyo hiyo ina M98 ya nusu ya farasi, inayotoa galoni 61 kwa dakika katika futi 10, nayo ni pampu nzuri kwa nyumba inayoingiza maji mengi kweli kweli au yenye bomba refu la kupanda. Pima kwanza, ndipo uamue kama ni nyumba yako.

Boya

Sasa tufike kwenye jambo lililomkuta mama yetu. Fundi yeyote mwenye uzoefu atakuambia kwamba swichi na boya ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema, mara nyingi mota ikiwa bado nzima. Kwa hiyo unapolinganisha kampuni, linganisha maboya kabla ya kulinganisha mota.

Yapo maboya yanayoning'inia kwenye kamba ya waya na kuelea huku na huko. Hayo yanataka shimo pana, kwani shimo likiwa jembamba au pampu ikisogea kidogo kwa mtetemo, boya linagusa ukuta na kukwama. Yapo mengine yaliyoshikamana na pampu yenyewe, kama ilivyo kwa M53, au yanayopanda na kushuka wima kwa kutumia sumaku, kama lile la Liberty 257. Haya hayatangitangi, kwa hiyo yanafaa shimo jembamba. Jambo jingine la kuuliza dukani ni kama swichi ikifa inaweza kubadilishwa peke yake, au itakubidi kununua pampu nzima. Muuzaji asipojua, uliza fundi.

Kwa mama wa Louisville, ambaye tayari boya limemkwamia na shimo lake anasema ni jembamba, jibu langu ni hili: asinunue yenye boya la kamba, hata kama jina lake ni kubwa na bei imepunguzwa. Kati ya Zoeller M53 na Liberty 257, achukue yoyote ambayo fundi wa karibu anaifahamu na vipuri vyake anavyo. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya fundi makini na fundi wa haraka haraka. Yeye yuko mji mmoja na kiwanda cha Zoeller, basi huenda hilo likamrahisishia mambo.

Afuatilie pia vitu viwili fundi anapofunga. Juu ya pampu panatakiwa pawe na valvu inayozuia maji yaliyokwisha kupanda yasirudi shimoni. Na chini ya valvu hiyo, kwenye bomba, huwa panatobolewa tundu dogo la kutolea hewa, kama maelekezo ya pampu yanavyosema, kwa sababu hewa ikinaswa pampu inazunguka bila kusukuma kitu. Maji kidogo yataruka kutoka kwenye tundu hilo pampu inapowaka. Asiogope wala asilizibe.

Umeme ukikatika

Wapendwa, pampu zote nilizozitaja zina udhaifu mmoja unaofanana: zinatumia umeme wa ukutani. Na dhoruba iletayo mvua ndiyo hiyo hiyo iangushayo nyaya. Ndiyo sababu nasema, kuliko kutumia fedha yote kununua pampu ya robo tatu ya farasi, nunua ya theluthi ya farasi iliyo imara, na kile kinachobaki uanze kudunduliza pampu ya pili ya betri.

Hiyo ni pampu ndogo inayokaa katika shimo lile lile, ina boya lake lililowekwa juu kidogo ya lile la kwanza, na betri yake iko pembeni mahali pakavu. Pampu kubwa isipowaka kwa sababu yoyote, iwe ni umeme au boya kukwama, ya pili inashika kazi na nyingi hupiga kengele. Zoeller, Liberty na Wayne wanaziuza, na jina jingine linalosikika sana ni Basement Watchdog. Betri inayotakiwa ni ile ya kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, si ile ya gari. Nayo haiishi milele, wengi huibadilisha baada ya miaka 3 hadi 5, na za maji ni lazima ziongezwe maji yaliyokenekwa. Kama mume husafiri au hufanya kazi usiku, ile kengele peke yake ina thamani ya fedha iliyotumika.

Zipo pia pampu za akiba zinazoendeshwa kwa msukumo wa maji ya bomba la mji, bila umeme wala betri. SumpJet ya Liberty ni mojawapo. Zinafanya kazi, lakini zinatumia maji ya kulipia wakati wote zinapokuwa zimewaka, na miji mingine ina masharti juu yake ili maji machafu yasirudi kwenye maji ya kunywa. Kwa mwenye kisima haifai kitu, maana umeme ukikatika na kisima kimekatika.

Baadhi ya familia huwasha jenereta. Kama muuguzi nasema kwa nguvu: jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala besimenti, wala gereji hata kama mlango uko wazi. Iwe nje, angalau futi 20 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na mtu hulala akidhani ni uchovu, asiamke.

Vivyo hivyo, ukifungua mlango ukakuta maji yamejaa chini, usishuke. Hujui kama yamefikia soketi au sanduku la umeme. Piga simu kampuni ya umeme wakate kwanza, halafu ndipo watu washuke wakiwa na viatu vya mpira na glavu. Maji yaliyotoka kwenye mfereji wa sakafu yahesabu kuwa ni ya choo mpaka ithibitike vingine, na watoto wasiyachezee.

Nimeulizwa pia kama baada ya kuweka pampu nzuri watoto wanaweza kuendelea kulala huko chini bila wasiwasi. Pampu hii hutoa maji ya ardhini yanayoingia polepole. Haiwezi kuzuia mto uliofurika wala barabara iliyojaa. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York, zaidi ya inchi 3 za mvua zilinyesha kwa saa moja katika bustani ya Central Park, na watu 11 katika mji huo walikufa ndani ya nyumba za chini ya ardhi, ambako maji yaliwakuta bila njia ya kutokea. Chumba cha kulala huko chini ni lazima kiwe na dirisha ambalo mtoto anaweza kulifungua na kutoka mwenyewe. Kama halipo, walale juu, hata kama ni kubanana sebuleni. Na kukiwa na onyo la mafuriko wapandishwe juu usiku huo, dirisha liwepo au lisiwepo. Yule mwenye pumu mimi ningempandisha sasa hivi, mpaka zulia liondolewe na kuta zikauke kabisa.

Juu ya bima, mama huyu anaandika kwamba wana bima ya nyumba na kwa hiyo hana hofu. Dada, chukua ile karatasi uisome upya. Bima ya kawaida ya nyumba huko Marekani hailipi mafuriko, na mara nyingi hailipi maji yaliyofurika kutoka kwenye shimo la pampu, isipokuwa kama mmelipia nyongeza ya jambo hilo kwa jina lake. Mpigie wakala, mwulize hivyo hivyo, na mwombe akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Bomba la nje lielekezwe mbali na msingi, pale ambapo ardhi inateremka kuacha nyumba, vinginevyo maji yatazunguka na kurudi shimoni na mtakuwa mnayasukuma yale yale usiku kucha. Lisiunganishwe na bomba la maji machafu ya choo, miji mingi inakataza. Wakati wa baridi angalieni mdomo wake usizibwe na barafu.

Na kila baada ya miezi mitatu, mama mwenyewe au kijana mkubwa amimine ndoo ya maji polepole shimoni na kuangalia boya likipanda, pampu ikiwaka, maji yakiisha, pampu ikizima. Ni kazi ya dakika tano. Mafundi wengi hushauri pampu ibadilishwe baada ya miaka 7 hadi 10 hata kama bado inawaka, kwa hiyo siku ya kuifunga mpya andikeni mwezi na mwaka kwa wino usiofutika juu ya kifuniko cha shimo.